Jicho la Angani na Ardhi ya Magharibi: Uhuru wa Mtayarishaji katika Filamu za Hali Halisi za Bernhard Grzimek, Ukisomwa kutoka Bariadi

Ikisiri

Makala hii inahakiki kazi ya Bernhard Grzimek (1909–1987) akiwa mtayarishaji wa kujitegemea wa filamu za hali halisi. Mkazo umewekwa kwenye filamu Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti Isife, ya mwaka 1959. Uhakiki unafanywa kutoka upande wa magharibi wa Serengeti, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu, na unaongozwa na swali moja: je, uhuru wa mtayarishaji dhidi ya studio, bodi na wafadhili unamhakikishia haki yule anayepigwa picha? Makala inadai kuwa uhuru wa Grzimek ulikuwa wa kweli na aliulinda kwa gharama kubwa, lakini ulielekea upande mmoja tu. Ulimkomboa msimulizi na kumwacha anayesimuliwa bila nafasi ya kujibu. Dai hili linathibitishwa kwa kuchunguza mtazamo wa kamera, matumizi ya takwimu, sauti ya msimulizi, na mambo mawili ya upande wa magharibi ambayo fremu ya filamu haikuyabeba: chanjo ya sotoka na ngitili.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga. Una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na nafaka ambao pia ni wafugaji. Upande wa mashariki mkoa unaishia Serengeti. Sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti imo ndani ya mkoa huu, na vilevile Pori la Akiba la Maswa, lililoanzishwa mwaka 1962. Kwa mkazi wa Bariadi, basi, Serengeti ni jirani mwenye mpaka, sheria, askari na wanyama wanaovuka.

Hata hivyo, picha ya Serengeti iliyoenea duniani haikupigwa kutoka upande huu. Imetokana kwa kiasi kikubwa na filamu moja iliyotengenezwa na baba na mwana kutoka Frankfurt, Bernhard na Michael Grzimek. Filamu hiyo ilipata Tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya hali halisi mwaka 1960, na kitabu chenye jina hilohilo kilisomwa katika lugha nyingi. Tangu wakati huo, filamu nyingi kuhusu Serengeti zimerudia mpangilio wake: uwanda unaoonekana kutoka juu, misururu ya nyumbu isiyo na mwisho, na sauti ya mtu asiyeonekana inayoeleza hatari inayowakabili wanyama hao.

Wapo waliokwishaihakiki kazi hii. Jonathan Adams na Thomas McShane, katika The Myth of Wild Africa (1992), waliiona kuwa chanzo kimojawapo cha dhana ya Afrika isiyo na watu. Thomas Lekan, katika Our Gigantic Zoo (2020), aliihusisha na historia ya Ujerumani baada ya vita. Jan Bender Shetler, katika Imagining Serengeti (2007), alionyesha jinsi jamii za magharibi ya Serengeti zilivyoikumbuka nchi hiyo kwa majina, njia na makazi ya wahenga. Tafiti hizo zimejikita zaidi katika siasa ya uhifadhi na historia ya mazingira. Swali la kifilamu, yaani namna mtayarishaji alivyoupata uhuru wake na alivyoutumia ndani ya fremu, bado linahitaji kujadiliwa kwa Kiswahili. Makala hii inajaribu kuliziba pengo hilo.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

John Grierson, aliyeipa filamu ya hali halisi jina lake la Kiingereza katika miaka ya 1920, aliisisitiza kuwa ni ushughulikiaji wa kisanaa wa mambo ya kweli. Kwa mtazamo huo, kutumia wanyama wa kweli na ardhi ya kweli hakumwondolei mtengenezaji wajibu wa kisanaa. Kila picha imechaguliwa, imekatwa na kuwekwa mahali pake kwa kusudi fulani.

Bill Nichols ameendeleza hoja hiyo kwa kuiangalia filamu ya hali halisi kama uhusiano wa pande tatu: anayesema, anayesemwa na anayeambiwa. Katika aina anayoiita ya ufafanuzi, msimulizi huzungumza na mtazamaji moja kwa moja, na picha hutumika kuthibitisha maneno yake. Anayesemwa hubaki katika nafsi ya tatu.

Uhusiano huu unaeleweka vizuri ukilinganishwa na utendaji wa fasihi simulizi. Katika simulizi, fanani na hadhira wako mahali pamoja. Hadhira huitikia, huuliza, hucheka na hata kumsahihisha fanani anapokosea jina la mto au la ukoo. Ukweli wa simulizi huthibitishwa na wale wanaozijua habari zenyewe. Filamu ya ufafanuzi huvunja mpango huo, kwa kuwa hadhira yake iko mbali na mahali panaposimuliwa, na wanaopajua mahali hapo hawamo ukumbini. Vigezo viwili vinatokana na mkabala huu na ndivyo vitakavyotumika hapa: mahali anaposimama anayetazama, na nafasi ya kujibu aliyopewa anayetazamwa.

3.0 Njia ya Kazi: Kutoka Frankfurt hadi Serengeti

Bernhard Grzimek alikuwa daktari wa mifugo kwa taaluma. Mwaka 1945 alipewa uongozi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, iliyokuwa imeharibiwa na mabomu, na aliiongoza hadi mwaka 1974. Aliingia katika filamu kupitia vitabu. Kitabu chake kuhusu safari ya Kongo, kilichotoka mwaka 1954, kilizaa filamu ya Kein Platz für wilde Tiere, yaani Hakuna Nafasi kwa Wanyamapori, iliyoonyeshwa mwaka 1956 na kupata tuzo ya Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin. Filamu za familia hiyo zilitolewa chini ya kampuni yao wenyewe, Okapia, iliyopewa jina linalotokana na okapi, mnyama wa msitu wa Ituri.

Mapato ya filamu ya kwanza ndiyo yaliyoizaa ya pili. Grzimek alitaka kuyatumia kununua ardhi ili hifadhi ipanuliwe. Peter Molloy, mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, alimshauri afanye jambo lenye manufaa zaidi, yaani kuwahesabu wanyama na kuchora njia zao za kuhama. Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa inajiandaa kubadilisha mipaka ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1951, kufuatia kamati ya uchunguzi ya mwaka 1957. Baba na mwana walijifunza urubani, wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, wakaipaka milia ya pundamilia, na kuirusha wenyewe kutoka Ujerumani hadi Afrika Mashariki. Kazi ya kuhesabu ilianza Januari 1958.

Tarehe 10 Januari 1959, Michael, akiwa na umri wa miaka 24, alianguka na ndege hiyo baada ya kugongana na tumbusi. Alizikwa ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro. Filamu ilikamilishwa bila yeye, huku Alan Root akiwa miongoni mwa wapiga picha, na ikaonyeshwa mwaka huohuo. Bernhard alipofariki mwaka 1987, majivu yake yalizikwa kando ya mwanawe.

Maelezo haya yanahitajika kwa sababu yanaonyesha aina ya uhuru unaojadiliwa. Grzimek hakutumwa na studio wala na serikali. Fedha ilikuwa ya familia, chombo kilikuwa cha familia, na hatari ilikuwa ya familia. Ni mfano ulio wazi wa mtayarishaji wa kujitegemea: yeye ndiye mwenye wazo, mfadhili, mwongozaji, mtafiti na msimulizi. Uhakiki wowote usioutambua uzito wa gharama hiyo hautendi haki. Swali linalofuata ni namna uhuru huo ulivyotumika.

4.0 Jicho la Angani

4.1 Mtazamo wa Kamera

Ndege ndicho chombo kikuu cha filamu hii, na ndege huamua kinachoweza kuonekana. Kutoka angani, kundi huonekana kuliko mnyama mmoja, na uwanda wazi huonekana kuliko kichaka. Nyumbu wanaotembea kwa misururu huwa michoro juu ya ardhi. Mtazamaji wa Ulaya, aliyekuwa amezoea mnyama mmojammoja nyuma ya vyuma vya bustani, alionyeshwa wingi na mwendo kwa ukubwa ambao hakuwahi kuuona. Hapa ndipo lilipo fanikio la kisanaa la filamu. Mnyama mkali wa filamu za safari, anayeonyeshwa ili auawe na mwindaji shujaa, amewekwa kando, na mahali pake pamechukuliwa na kundi linaloishi kwa utaratibu wake lenyewe.

Lakini mtazamo huohuo hufuta mambo mengine. Jina la kijito halionekani kutoka angani, wala njia ya miguu, wala kaburi, wala mpaka uliokubaliwa kwa mdomo kati ya koo mbili. Mkazi wa upande wa magharibi huijua nchi kwa kuitembea na kwa kuchunga. Kwake kila mbuga ina jina na kila jina lina habari. Ndege inapopita juu ya ardhi hiyo, ardhi hugeuka kuwa mandhari tupu. Utupu huo umesababishwa na umbali wa jicho, ila filamu inauwasilisha kana kwamba ni sifa ya mahali penyewe.

4.2 Takwimu kama Usimulizi

Hesabu ya Grzimek ilitoa jumla ya wanyama wakubwa 366,980, wakiwamo nyumbu 99,481. Kama takwimu za kisayansi, zilikuwa hatua ya kwanza yenye thamani. Kama vipengele vya usimulizi, zinafanya kazi nyingine. Idadi inayotajwa hadi mnyama wa mwisho humpa mtazamaji hisia kwamba kila kitu kimeonekana na kuandikwa. Usahihi wa namna hiyo ni tamathali, kwa kuwa unaashiria mamlaka ya anayesema.

Hesabu iliyofanywa mwaka 1961 ilipata takribani nyumbu robo milioni, tofauti ambayo uzazi wa miaka mitatu pekee hauwezi kuieleza. Jambo hilo halipunguzi juhudi za watafiti wa kwanza, waliokuwa na ndege moja tu. Linaonyesha, hata hivyo, kwamba namba iliyotumika kumfanya mtazamaji aamini kuwa wanyama wako ukingoni ilikuwa makadirio yaliyovishwa vazi la uhakika. Katika utendaji wa simulizi, hadhira inayoijua nchi ingeweza kuuliza waliobaki wako wapi. Katika ukumbi wa sinema wa Frankfurt hakuwapo wa kuuliza hivyo.

4.3 Sauti ya Msimulizi na Kifungu Kilichokataliwa

Tukio moja katika historia ya filamu hii linaudhihirisha uhuru wa Grzimek kuliko yote. Bodi ya kutathmini filamu ya Ujerumani Magharibi ilitaka kifungu fulani cha maelezo ya msimulizi kiondolewe. Kifungu hicho kiliwafananisha wanyama wa Afrika na majengo makuu ya kale na makanisa mashuhuri ya Ulaya, na kudai kuwa ni urithi wa wanadamu wote. Grzimek alikataa kukiondoa, ingawa tathmini ya bodi ilikuwa na uzito kwa mapato ya filamu.

Kwa kigezo cha uhuru wa mtayarishaji, uamuzi huo unastahili sifa. Hata hivyo, maudhui ya kifungu kilichotetewa yanahitaji kusomwa kwa makini. Urithi wa wanadamu wote ni dai la umiliki. Linapanua idadi ya wenye mali hadi kumfikia mkazi wa Frankfurt, na kwa wakati uleule linampunguza mkazi wa karibu hadi kuwa mmoja kati ya mamilioni. Mfugaji wa Bariadi ambaye nyumbu hupita katika malisho yake anapewa haki sawa na mtu ambaye hatamwona nyumbu maisha yake yote. Isitoshe, jengo la kale halili majani wala halinywi maji kisimani kwa mtu. Mfano huo unaficha gharama ya kuishi jirani na urithi. Hivyo basi, sentensi iliyopiganiwa kwa ujasiri mkubwa zaidi katika kazi yote ya Grzimek ndiyo inayomweka mwenyeji pembeni kwa upole mkubwa zaidi.

4.4 Binadamu ndani ya Fremu

Watu wa eneo hilo wamo katika filamu, lakini kwa nafasi mbili tu. Wamasai wanaonekana kama wenyeji wenye fahari ambao mifugo yao inashindana na wanyamapori. Watu wa upande wa magharibi wanaonekana kupitia mitego ya waya na mishale, yaani kama majangili. Msimamo wa kitabu ni wazi: hifadhi ya taifa inapaswa kubaki bila binadamu ndani yake, wakiwamo wenyeji.

Uchungu wa mnyama aliyenaswa na waya ni wa kweli, na filamu ina haki ya kuuonyesha. Tatizo liko katika mgawanyo wa ukaribu. Mtego unapewa picha ya karibu, lakini nyumba ya mtegaji haipewi. Mtazamaji anajua namna mnyama alivyokufa, ila hajui kama mtegaji aliwinda kwa chakula, kwa biashara au kwa desturi, wala hajui ni lini kuwinda katika ardhi hiyo kulifanywa kosa, na kwa sheria ya nani. Neno jangili linafunga mjadala kabla haujaanza.

Ufupisho huo unafuta uhusiano mpana kati ya watu na wanyama. Miongoni mwa Wasukuma, maarifa ya wanyama yamehifadhiwa ndani ya vyama vya kijadi vyenye mafunzo, miiko na ngoma zake. Bayeye hujulikana kwa maarifa ya nyoka na dawa za sumu, na Banunguli kwa uwindaji wa nungunungu. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yanayochezwa baada ya mavuno, yamekuwa na nafasi ya wanyama katika utendaji wenyewe. Haya ni maarifa yenye taasisi. Kwa jicho lililopewa kazi ya kuwatenga wanyama na watu, maarifa ya aina hiyo hayana mahali pa kukaa.

5.0 Upande wa Magharibi: Mambo Yaliyobaki Nje ya Fremu

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sehemu hii inapima methali hiyo kwa mambo mawili ya kihistoria.

5.1 Chanjo ya Sotoka

Hoja kuu ya filamu ni kwamba nyumbu wanapungua na watazidi kupungua iwapo binadamu na mifugo wao hawatazuiwa. Yaliyotokea baadaye ni kinyume. Kutoka takribani robo milioni mwaka 1961, nyumbu waliongezeka hadi kufikia takribani milioni 1.3 mwaka 1977. Anthony Sinclair na watafiti wenzake wamelihusisha ongezeko hilo hasa na kutoweka kwa sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 kupitia ng'ombe na kuua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi. Kampeni za kuchanja ng'ombe waliouzunguka mfumo wa Serengeti zilikata njia ya maambukizi, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 sotoka ilikuwa imetoweka miongoni mwa nyumbu.

Umuhimu wa jambo hili kwa uhakiki ni mkubwa. Nyumbu waliongezeka kwa sababu ng'ombe walitibiwa. Afya ya zizi la mfugaji na afya ya kundi la mwituni zilikuwa kitu kimoja. Filamu iliyojengwa juu ya ukinzani kati ya mifugo na wanyamapori haikuwa na namna ya kuusimulia ukweli huo, kwa sababu shujaa wake angekuwa mfugaji anayepeleka ng'ombe wake kuchanjwa. Inashangaza zaidi kwamba Grzimek mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo. Hakukosa taaluma ya kuliona zizi. Muundo wa usimulizi alioujenga ndio uliokwisha kuamua adui ni nani.

5.2 Ngitili

Jambo la pili ni ngitili. Kwa desturi ya Wasukuma, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti vikue, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi malisho mengine yanapokwisha. Zipo ngitili za kaya na zipo za jumuiya. Mara nyingi hazina uzio, kwani mpaka wake hulindwa na makubaliano na adhabu za kijamii.

Ngitili nyingi zilidhoofika kutokana na ufyekaji wa vichaka uliolenga kuangamiza mbung'o, upanuzi wa mashamba ya pamba, na baadaye uhamishaji wa watu katika vijiji vya miaka ya 1970. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, katika mkoa ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu. Mradi huo ulitambua kuwa mbinu iliyohitajika ilikwishakuwapo, ukahimiza ngitili zirudishwe. Mamia ya maelfu ya hekta yalirejeshewa uoto, na mwaka 2002 juhudi hizo zilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ngitili inaijibu filamu ya Grzimek bila kutaja jina lake. Inaonyesha kwamba dhana ya kufunga ardhi ili ipumzike haikuletwa na ndege. Tofauti ni kwamba ngitili hufungwa ili ifunguliwe. Inajua majira, inamjua ng'ombe, na mlinzi wake ni mtumiaji wake. Kutoka angani ngitili huonekana kama kichaka cha kawaida, kwa kuwa kinachoifanya iwe ngitili ni makubaliano ya watu, na makubaliano hayapigiki picha kutoka juu. Ili kuyapata, mpiga picha hana budi kushuka, kusikiliza na kukaa msimu mzima.

6.0 Uhuru wa Mtayarishaji na Mipaka Yake

Baada ya filamu ya 1959, kazi ya Grzimek ilihamia zaidi katika televisheni. Kipindi chake Ein Platz für Tiere, yaani Mahali pa Wanyama, kilianza mwaka 1956 na kuendelea hadi mwaka wa kifo chake. Kupitia kipindi hicho alikusanya michango ya uhifadhi na kuwahamasisha Wajerumani kutalii Afrika Mashariki. Katika Serengeti, maabara ya kumbukumbu ya Michael iliendelezwa kuwa taasisi ya utafiti mwaka 1966. Haya ni matunda halisi, na serikali ya Tanganyika, iliyotangaza azma yake ya uhifadhi katika Tamko la Arusha la Septemba 1961, ilimwona Grzimek kuwa mshirika.

Hata hivyo, matunda hayo yanadhihirisha mpaka wa uhuru wake. Mtayarishaji asiyetegemea studio hutegemea hadhira. Hadhira ya Grzimek ilikuwa sebuleni Ulaya Magharibi, na ndiyo iliyochanga, iliyonunua vitabu na iliyosafiri. Alikuwa na uhuru wa kuikosoa serikali yake, bodi yake na ustaarabu wa viwanda wa nchi yake, na alifanya hivyo. Hakuwa na sababu yoyote ya kimapato, ya kisheria wala ya kisanaa iliyomlazimisha kumsikiliza mkazi wa magharibi ya Serengeti. Kujitegemea kulimfanya awajibike kwa waliomlipa na kwa dhamiri yake tu, na dhamiri yake ilikuwa upande wa wanyama.

Ulinganisho mmoja wa Kitanzania unasaidia kuonyesha kuwa njia nyingine ipo. Filamu These Hands (1992) ya Flora M'mbugu-Schelling inawaonyesha wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, wakigonga kokoto kwa mikono katika machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam. Msimulizi hayupo. Kamera imekaa chini, usawa wa nyundo, na inakubali mwendo wa kazi yenyewe: kugonga, kupumzika, kunyonyesha, kuimba. Mtazamaji halazimishwi kuhesabu chochote, na huuelewa ugumu wa kazi kwa urefu wa muda anaokaa nayo.

Isidaiwe kwamba ukimya wa msimulizi huleta haki wenyewe. M'mbugu-Schelling naye alichagua, alikata na kupanga. Lakini kwa vigezo vilivyowekwa katika sehemu ya 2.0, tofauti ni dhahiri. Anayetazama amesimama mahali pamoja na anayetazamwa, na sauti inayosikika ni ya anayetazamwa. Grzimek aliutumia uhuru wake kusema bila kuzuiwa, ilhali M'mbugu-Schelling aliutumia kunyamaza ili wengine wasikike. Matumizi hayo mawili ya uhuru mmoja yanatosha kuonyesha kuwa neno kujitegemea, linapotumika kama sifa katika uhakiki wa filamu, halijitoshelezi. Ni lazima liulizwe: kujitegemea dhidi ya nani, na kwa faida ya nani?

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa kazi ya Bernhard Grzimek ilikuwa na uhuru wa kweli katika fedha, chombo na kauli. Uhuru huo ulizaa filamu yenye uzuri na athari ambazo haziwezi kukanushwa. Imeonyesha pia kuwa mtazamo wa angani, takwimu zenye sura ya uhakika na sauti isiyojibiwa viliiondolea ardhi ya magharibi majina, maarifa na watu wake. Mambo mawili yaliyobaki nje ya fremu, chanjo ya sotoka na ngitili, si nyongeza ndogo katika historia ya Serengeti. La kwanza ni sababu kuu ya kuongezeka kwa wanyama ambao filamu ilihofia kufa kwao. La pili ni mfumo wa uhifadhi uliokuwa ukifanya kazi jirani na mpaka wa hifadhi bila kutambuliwa.

Umuhimu wa hoja hii umezidi leo, wakati kamera ndogo zinazorushwa bila rubani zimerahisisha sana picha ya angani, na kijana wa Bariadi mwenye nia ya kutengeneza filamu anaweza kuipata kwa gharama ambayo familia ya Grzimek isingeiota. Hatari ni kwamba atarithi chombo pamoja na mtazamo wake, akiipiga picha nchi yake kama mgeni. Inapendekezwa, kwanza, kwamba mafunzo ya filamu ya hali halisi nchini yajumuishe uchambuzi wa Serengeti darf nicht sterben kama matini ya kuhakikiwa na si kielelezo cha kuigwa. Pili, utafiti wa uwandani ufanyike kwa kuionyesha filamu hiyo, ikiwa na tafsiri ya Kiswahili na Kisukuma, kwa wazee wa vijiji vinavyopakana na hifadhi na Pori la Akiba la Maswa, na majibu yao yarekodiwe. Hadhira hiyo ndiyo iliyokosekana ukumbini mwaka 1959, na ndiyo yenye uwezo wa kumsahihisha fanani anapokosea jina la mto.